Ala ya Mkono wa Kushoto

Chini ya kitanda chetu, upande anaolala Delbert, kuna sanduku la kadibodi lililojaa ala za bastola. Za ngozi, za plastiki ngumu, za kitambaa cha kunyumbuka, na moja ya kufunga kifundoni mwa mguu ambayo inanuka jasho la mtu mwingine kwa sababu aliinunua mtumba. Hakuna hata moja aliyoweza kuivaa siku nzima. Ingia nyumba yoyote hapa mjini kwetu Moravek utaonyeshwa sanduku kama hilo, na mwenyewe atacheka, maana kwetu mwanamume hatupi ala isiyomfaa. Huiweka, akisubiri mwili wake ubadilike. Mimi sicheki. Lile sanduku limenila mwaka mzima.

Mume wangu, Delbert Krenek, ni fundi wa pampu za visima. Kuanzia hapa mpaka mtoni hakuna mfugaji ambaye hajawahi kumwita Jumapili, ng'ombe wake wakiwa wamekodolea macho hori tupu la maji. Ni mtu wa maneno machache na kicheko kikubwa. Ana mashoto. Masista wa shule ya parokia walimchapa ule mkono wa kushoto mpaka wakachoka wao, na yeye hakuuacha. Kila Alhamisi alicheza domino kwenye ukumbi wa kanisa, na nilijua ameshinda kabla hajafika nyumbani, kwa jinsi alivyopiga honi kwenye kona.

Huyo ndiye aliyekuwa mume wangu mpaka Machi.

Machi, kwenye kituo cha mafuta cha barabara kuu iendayo Houston, vijana wawili walimwomba waya wa kuwashia gari. Alipoinama nyuma ya gari lake kuutafuta, mmoja alimpiga chuma nyuma ya sikio. Walichukua pochi wakamwacha amelala kwenye dizeli. Fedha zilizokuwa ndani hazikuwa za kulilia. Picha ya Janelle ndiyo iliyomuuma, binti yetu tuliyemzika wakati mtoto wake Marlee yuko darasa la tatu. Baba wa Marlee alikwenda kutafuta kazi Odessa akasahau njia ya kurudi, kwa hiyo tumemlea sisi.

Kidonda kilipona. Kisichopona ni kwamba Delbert hawezi tena kukaa mahali palipo na watu nyuma yake. Kanisani alianza kukaa benchi la mwisho, kisha akawa anasikiliza misa akiwa garini, kisha akaacha. Domino ikafa. Wafugaji wakipiga simu, anauliza kwanza nani mwingine atakuwepo.

Marlee aliliona hilo mapema kuliko mimi. Mwezi wa Aprili alimfuata barazani, akakaa kwenye mkono wa kiti chake kama alivyozoea tangu utotoni.

"Babu, wakinichagua kwa Ijumaa ya Marejeo ya Oktoba, ni wewe utakayenitembeza."

Ijumaa ya Marejeo wote waliowahi kusoma shule yetu hurudi kuangalia mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa helmeti, na wakati wa mapumziko wasichana waliochaguliwa darasa la mwisho huvuka uwanja wakiwa wameshika mkono wa baba zao, na mmoja wao huvikwa taji. Mji mzima unakuwa pale.

"Nitakutembeza," Delbert alisema. "Ngoja tu nipate kitu cha kiunoni."

Nilidhani ni jambo la wiki moja. Hapa kwetu kununua bastola si kazi, hata anayeuza chambo cha samaki anazo. Na kweli, Dusty Janak anauza minyoo upande huu wa duka na bunduki upande ule. Nilikwenda na Delbert siku ya kwanza.

"Mzee Del, chukua hii," Dusty akasema, akaweka juu ya kaunta kitu cheusi cha plastiki, kidogo kama pakiti ya sigara. "Unaivaa asubuhi, ikifika mchana umeshaisahau."

"Dusty, mwanangu, nimefika umri wa kusahau bila msaada."

"Inabeba risasi kumi na mbili."

"Wale walikuwa wawili."

"Na ni bei poa, Mzee."

"Hata kijiko cha plastiki ni bei poa, na sili supu nacho."

Delbert alitaka chuma na mbao. Alitaka bastola ya mtindo wa zamani, bapa, nzito, yenye mpini wa mbao na kinyundo kinachoonekana nyuma, kama ile baba yake aliyokuja nayo kutoka jeshini. Ile yenyewe iliuzwa mwaka wa ukame ili ng'ombe wapate majani, na Delbert, aliyekuwa mtoto wakati huo, hajawasamehe wale ng'ombe mpaka leo.

Shida ikawa kwamba za namna hiyo zinazong'aa zina bei ya ng'ombe mzuri. Nilimwambia kikomo ni dola mia tano na ala humo humo, na sikuwa nikifanya mzaha, maana friji ilikuwa inakohoa. Zipo za bei nafuu zinazotengenezwa Ufilipino na Uturuki, na Dusty aliapa kwamba zinapiga sawa na nyingine. Lakini za nafuu zina swichi ya usalama upande mmoja tu, ule wa dole gumba la kulia.

"Kwani wenye mashoto hatuporwi?" Delbert akauliza.

"Mnaporwa, Mzee. Ila mko wachache."

Alizunguka. Alikwenda kwenye maonyesho ya bunduki katika mji wa Victoria, akashinda huko kutwa, akarudi na mfuko wa nyama kavu. Alikwenda maduka ya rehani. Kila jioni alinieleza kasoro za bastola aliyoiacha huko: hii kifyatulio chake kizito, ile mpini wake mnene, ile nyingine nzuri kabisa lakini ya mkono wa kulia. Mimi nikiwa natoa vyombo, nikamwambia mchagua jembe si mkulima.

"Na anayeokota jembe lolote hujilima kidole," akanijibu.

Juni akaipata. Ilikuwa ya Ufilipino, imetumika, mbao ya mpini ina ufa upande mmoja, lakini ilikuwa na swichi pande zote mbili na mwenye nayo alikuwa na shida ya fedha. Aliisafisha juu ya meza yangu ya jikoni, akapanga vyuma vyake kwenye sinia yangu ya kuokea kolache, vile vikate vitamu vya jamu. Alikuwa akipiga mluzi. Sikuwa nimesikia ule mluzi tangu Machi, nikaisamehe sinia.

Nikadhani tumefika, kumbe tulikuwa ndiyo kwanza tunafunga kamba za viatu.

Chuma kile kina uzito wa zaidi ya kilo. Siku ya kwanza alikivaa kwa mkanda wake wa kawaida, na suruali ilimshuka mbele ya muuza mbegu. Akanunua mkanda mgumu kama ubao. Kisha zikaanza ala. Dukani ala za kushoto hakuna, ni za kuagiza. Unaagiza, unangoja, boksi linakuja limeandikwa kushoto, unafungua, ni ya kulia. Ya plastiki ngumu ilimchimba mbavu kila alipoinama kwenye kisima, na kazi yake yote ni kuinama. Ya kuvaa begani ilimfanya aonekane amefungwa bendeji. Ya kifundoni ilimfanya achechemee mpaka padri akatuma watu kuuliza hali yake. Ya ngozi, ya ndani ya suruali, ilionekana ndiyo yenyewe, mpaka siku moja Julai alipoivua kwenye maegesho ya duka la vyakula vya mifugo akakuta swichi ya usalama iko wazi. Alikuwa ameendesha gari hivyo, kinyundo kimevutwa, risasi ndani, mtutu unaelekea paja lake.

Alirudi nyumbani rangi imemtoka. Akaivaa tena bila risasi, akakaa, akasimama, akakaa, na mimi nikiangalia kwa karibu kama daktari.

"Del, ni tumbo lako. Ukikaa linaisukuma swichi."

"Ni kolache zako."

"Kolache hazikutembea zenyewe mpaka mdomoni."

"Basi oka kidogo!"

"Basi kula kidogo!"

Hatukuongea mpaka siku ya pili. Ala ikaenda kwenye sanduku, na nyingine ikaagizwa.

Agosti jasho likaanza kukitia kile chuma kutu. Mashati yake yote yakapata doa la mafuta ubavuni, doa lile lile, mahali pale pale, na nikalisugua mpaka vidole vikachubuka. Lakini si mashati yaliyonikera. Ni lile jibu. Del, Alhamisi hii utakwenda domino? Ala ikija. Del, jubilei ya padri ni Jumamosi. Ala ikija. Mjukuu wetu anapiga tarumbeta kwenye tamasha, Del. Ala ikija, Lorene, nimeshakwambia. Nilianza kulichukia gari la posta. Yule mwanamke anayelileta alipopiga honi, moyo wangu ulipanda na hasira ikapanda nao.

Septemba Marlee akachaguliwa. Alikuja mbio kutoka kwenye basi la shule, mkoba unapigapiga mgongoni, akamkuta babu yake barazani.

"Babu, wamenichagua!"

Delbert alimshika kichwa kwa mikono miwili. Nilimwangalia mdomo, nikiomba asiseme ala ikija. Hakusema. Lakini kesho yake akaenda kwa Bi Agnes Sulak anayetengeneza matandiko ya farasi, jambo ambalo angelifanya Juni kama si ukaidi, na nikaenda naye nione mwisho wake.

Bi Agnes alimzungushia futi tumboni bila haya.

"Usivute tumbo, Delbert."

"Sijavuta."

"Farasi hunifanyia hivyo hivyo ninapofunga mkanda. Pumua. Haya, sasa naona tumbo la kweli."

Akamshonea ala ya ngozi nene, ya mkono wa kushoto, yenye ulimi mpana uliosimama kati ya tumbo na swichi. Haikuzidi bei ya zile za kwenye boksi. Delbert aliivaa akainama, akakaa, akaendesha gari kwenye mashimo, akalala chini ya tangi la maji. Swichi haikusogea. Akavaa koti lake la misa akaja jikoni, akajizungusha.

"Unaona kitu?"

"Naona mzee aliyevaa koti."

Alicheka, kile kicheko chake chenyewe. Alhamisi iliyofuata akaenda domino. Nilisikia honi kwenye kona, nikasimama na bakuli la unga mkononi nikalia.

Basi ikafika ile Ijumaa. Marlee alivaa ua lake kubwa la Marejeo kifuani, limejaa riboni zinazofika magotini na vikengele vidogo, kila akipiga hatua vinalia kama kengele ya mbuzi anayeongoza kundi. Delbert alivaa koti na viatu vya kuzikia watu. Njiani alipiga mluzi. Aliegesha mbali kidogo na umati, akashuka, akajigusa ubavuni, akatuambia twende.

Langoni alikuwa Leroy Fojtik, polisi wetu wa wilaya, ambaye Delbert alimtengenezea mama yake kisima bure.

"Mzee Del! Tulidhani umehamia mbinguni. Bi Lorene, habari za jioni. Marlee, umependeza mpaka inaumiza." Akainua kifimbo cheusi cha kutambua chuma. "Mikono pembeni kidogo, Mzee. Ni utaratibu mpya wa shule."

Delbert akasimama pale pale. Mkono wake wa kushoto ulikwenda kwenye koti na kubaki hapo.

Juu ya kichwa cha Leroy kulikuwa na kibao chenye picha ya bastola iliyopigwa mstari mwekundu. Kipo tangu Marlee akiwa chekechea. Nimepita chini yake Ijumaa zisizo na idadi nikiwa na bisi mkononi, na Delbert vivyo hivyo. Tangu Machi tulihangaika namna ya kuificha ile bastola, tukagombana, tukanunua, tukarudisha, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba mahali tulipokuwa tukiitafutia ndipo hairuhusiwi kuingia.

Leroy alielewa. Akashusha kifimbo na sauti.

"Iache garini, Mzee. Ukirudi pita hapa kwangu, foleni haikuhusu."

"Sawa," Delbert alisema.

"Babu, ni kuvuka uwanja tu," Marlee akamwambia. "Nitakushika mkono."

"Narudi sasa hivi."

Mpira ukaanza. Wavulana wetu wakapigana helmeti, bendi ikapiga, watu wakaniuliza Del yuko wapi, nikawaambia anaegesha gari. Niliwaambia hivyo mpaka nikaona aibu. Ilipokaribia mapumziko niliwaona wasichana wakipangwa pembeni na baba zao, na Marlee peke yake mwishoni, shingo ameinyoosha kuelekea langoni. Nikatoka mbio kadiri magoti yalivyoniruhusu.

Alikuwa amekaa garini, mikono miwili kwenye usukani, koti limefungwa vifungo vyote. Bastola alikuwa ameshaifungia kwenye kisanduku cha dashibodi. Redio ya mji ilikuwa ikitangaza mpira ule ule uliokuwa ukipigwa mbele yake.

"Del, wanapangwa."

"Nimejaribu, Lorene. Nafika kwenye ile nguzo ya taa, miguu inakataa."

"Ni Moravek hii! Nusu ya wale watu wanakunywa maji kwa mikono yako!"

"Najua. Wote watakuwa nyuma yangu."

Ningemshika mkono. Mke mwema angemshika mkono. Lakini miezi yote ile ilinijia kwa mpigo, mashati, mikanda, maboksi, ala ikija, ala ikija.

"Basi ungechukua ile plastiki ya Dusty," nikamwambia, "angalau ungekuwa umeshaisahau!"

Nikaubamiza mlango wa gari, nikarudi. Nilikuwa na hasira naye, na wale vijana wa barabara kuu, na kibao, na masista, na mtu yeyote aliyewahi kutengeneza swichi ya upande mmoja. Zaidi nilikuwa na hasira na nafsi yangu, kwa sababu nilimwona akifumba macho mlango ulipogonga.

Marlee aliponiona akatazama nyuma yangu. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akanipa mkono wake. Nilikuwa na viatu vya mpira na ule mkoba wa plastiki angavu ambao shule inatulazimisha kuubeba, kwa hiyo mji mzima uliona dawa zangu za presha. Tukaanza kutembea kwenye majani chini ya taa, na vikengele vyake vikilia.

Mtangazaji yuko juu kwenye kibanda na husoma kadi alizoandikiwa tangu Jumatatu. Haangalii chini.

"Na sasa, Marlee Krenek," sauti yake ikazunguka uwanja, "akisindikizwa na babu yake, Bwana Delbert Krenek."

Watu wakapiga makofi. Kisha makofi yakapungua, nikaona vichwa vikigeuka jukwaa zima, huku na huku. Marlee alinibana mkono. Tukaendelea kutembea mpaka kwenye mstari mweupe. Taji alipewa msichana mwingine, na sikumbuki ni nani.

Hakutaka kukaa kwa nusu ya pili. Alitangulia kwenda garini, riboni zinaburuta, nami nikamfuata. Akagonga dirisha. Delbert akalishusha.

"Nilisikia jina langu," alisema.

"Kila mtu alilisikia, Babu. Wote waligeuka kukutafuta."

Delbert akazima redio. Marlee aliingia akakaa katikati yetu, uso ameuelekeza mbele. Njia nzima tulisikia vile vikengele, hata pale barabara iliponyooka na gari halikutikisika, maana alikuwa akitikisika kwa kilio ambacho hakutaka tukijue.

Domino hakwenda tena. Ala ya Bi Agnes ndiyo pekee isiyoingia kwenye sanduku la chini ya kitanda, kwa sababu ilimfaa. Anaivaa kila siku, akiamka tu, kutoka chumbani mpaka jikoni.